Kupima ustawi wa kisaikolojia na kijamii kwa vijana wenye ulemavu wa ukuaji: dodoso gani, na aulizwe nani?

Kitengo_Kasulu

Habari za leo wakuu. Naomba msaada wa kitaalamu, si wa kunitia moyo tu.

Tuna vitengo vinne vya elimu maalumu, viwili Kasulu na viwili Kigoma Ujiji. Walengwa ni wanafunzi 58, umri miaka 11 hadi 17. Wengi wana ulemavu wa akili wa kiwango kidogo au cha kati, wachache wana usonji, mtindio wa ubongo (cerebral palsy) au hali ya Down (Down syndrome). Kama 12 hivi hawaongei au wana maneno machache tu. Karibu robo wana kifafa. Kuanzia Julai hadi mwisho wa Novemba kutakuwa na klabu ya stadi za maisha mara mbili kwa wiki, na anayetoa fedha anataka kuona kama ustawi wa watoto umepanda.

Mpango ulikuwa hivi: SDQ ya Kiswahili (dodoso la nguvu na matatizo ya mtoto), fomu ile ya kijana kujijibia mwenyewe, Juni na Novemba, kisha tunalinganisha alama na mipaka iliyopo kwenye mwongozo. Tumejaribu kwa watoto 6. Watano wamejibu "kweli" karibu kila swali, na wawili wametoka na alama zilezile 30 za matatizo na 10 za upande wa wema. Nimebaki najiuliza kama hawa watoto wana shida kubwa kiasi hicho au shida iko kwenye karatasi.

Maswali: (1) Tubadilishe dodoso? (2) Tuwaache watoto tuulize wazazi? (3) Wale 12 wasioongea tunawapimaje?

---

Mpimaji_Tbr

Mwalimu, shida iko kwenye karatasi, na hizo alama 30 na 10 zenyewe zimekushtakia.

Fanya hesabu. SDQ ina vipengele 25, kila kimoja alama 0, 1 au 2. Vitano ni vya wema kwa wengine na havijumlishwi kwenye matatizo. Vinabaki 20, na kati ya hivyo vitano vinageuzwa wakati wa kusahihisha: namba 7, 11, 14, 21 na 25, kwa sababu vimeandikwa kwa upande mzuri. Mtoto akisema "kweli kabisa" kwa kila kitu, vile 15 vinampa 2 kila kimoja, vile vitano vinampa 0. Jumla 30, na wema 10. Akisema "si kweli" kote anapata 10 na 0. Akishika jibu la katikati kote anapata 20 na 5. Ziandike hizo jozi tatu juu ya daftari lako la kusahihishia. Ukiona fomu yenye mojawapo, irudie kuitazama kabla hujaiingiza kwenye kompyuta. Na ukikuta 40 ujue msahihishaji amesahau kugeuza.

Jambo hili lina historia ndefu. Mwaka 1981 Carol Sigelman na wenzake walionyesha kwamba watu wenye ulemavu wa akili wakiulizwa maswali ya ndiyo au hapana huelekea kusema ndiyo, hata pale majibu mawili ya mtu huyohuyo yanapogongana. Si uongo. Mtoto ambaye maisha yake yote anasahihishwa na watu wazima amejifunza kwamba kukubali ndiko kunakomaliza mazungumzo salama. Ongeza adabu zetu: mgeni kaja na karatasi, kaamkiwa shikamoo, sasa nani atamwambia hapana?

Kwa hiyo kabla ya dodoso lolote, pima kwanza kama mtoto anaweza kulijibu. Kipimo cha ustawi binafsi cha akina Cummins, lile toleo la watu wenye ulemavu wa akili, huanza na hatua za namna hii, na wazo lake unaweza kulitumia hata ukiwa na dodoso jingine. Dakika 7 hadi 10 kwa mtoto:

1. Chukua chupa tatu za maji za nusu lita, zikate shingo zilingane. Moja tupu, moja nusu, moja imejaa. Jaza maharage au mchanga, usijaze maji, kwa sababu saa sita mchana Kigoma mtoto mwenye kiu atachagua iliyojaa kwa kuwa anataka kunywa. Uliza ipi ina vingi, ipi ina vichache. Badilisha mpangilio, rudia mara tatu. Akikosea mara mbili, ngazi tatu hazimfai. Jaribu mbili, tupu na iliyojaa.

2. Unganisha chupa na kitu halisi. Mwalimu wake akupe kabla vitu viwili ambavyo mtoto anavipenda kwelikweli na viwili asivyovitaka. Mwonyeshe picha au kitu chenyewe: "Hiki unakipenda kiasi gani?" Akielekeza kinyume na anavyojulikana kwa vitu vitatu kati ya vinne, chupa bado hazimaanishi kitu kwake.

3. Maswali manne ambayo jibu lake hakika ni hapana. "Kiti hiki umekitengeneza wewe?" "Jana ulikwenda Dar kwa treni?" Akikubali mawili au zaidi, usimpe tena swali lolote la ndiyo au hapana.

4. Maswali mawili ya kuchagua, yaulizwe na kugeuzwa baadaye: "Unapenda kucheza au kuchora?" halafu "kuchora au kucheza?" Anayeshika neno la mwisho kila mara utamgundua hapa.

Mwisho wa zoezi kila mtoto ana herufi. A: anaweza ngazi tatu. B: anaweza ngazi mbili. C: anachagua picha au kitu tu. D: atapimwa kwa kutazamwa na kwa kuuliza wanaomjua. Andika herufi kwenye fomu zake zote, na Novemba rudia zoezi, kwa kuwa anaweza kupanda daraja. Akipanda, bado linganisha kwa njia ya Juni. Hizo A hadi D ni utaratibu wa kazi, si daraja la akili, na zisiingie kwenye ripoti ya shule ya mtoto.

Picha za nyuso, zile za kucheka na kununa, sizipendi kama ngazi. Wengi huchagua uso mzuri, si uso wa hali yao, na baadhi ya wenye usonji kusoma uso ndio ugumu wao wenyewe. Ni kama kumpima asiyeona kwa rangi.

Kuhusu (2): waulize wazazi, lakini usiwatoe watoto. Mzazi na mwalimu huona vizuri fujo, kupigana, kutotulia. Huzuni na hofu hukaa ndani, na humo mtoto ndiye mwenye habari.

---

Hesabu_za_Reli

Nakubaliana na Mpimaji, ila amepita haraka kwenye jambo linaloua ripoti nyingi: muda ambao swali linauliza.

SDQ ya kawaida inauliza miezi sita iliyopita. Klabu yako ni Julai hadi Novemba. Ukiuliza mwishoni mwa Novemba kwa fomu ileile, mzazi anakujibu kuhusu kipindi kinachoanzia Mei, yaani kabla klabu haijazaliwa. Ipo fomu ya ufuatiliaji ambayo inauliza mwezi mmoja uliopita na ina maswali ya ziada kuhusu mabadiliko. Tumia hiyo Novemba. Kulinganisha miezi sita na mwezi mmoja nako kuna kasoro yake, lakini ni afadhali kuliko kupima likizo ya Juni ukaiita klabu.

Pili, mipaka ya mwongozo. Ile ya 0 hadi 13 kawaida, 14 hadi 16 mpakani, 17 na kuendelea juu, kwa fomu ya mzazi, imetokana na watoto wa Uingereza kwa jumla. Si ya Kasulu na si ya watoto wenye ulemavu. Tazama vipengele vyenyewe: kutotulia, kufikiri kabla ya kutenda, kumaliza kazi aliyoanza, kuelewana na wakubwa kuliko na watoto wenzake. Kwa mtoto mwenye ulemavu wa akili, nusu ya hayo ni ulemavu wenyewe. Utawaita watoto 40 kati ya 58 "wagonjwa" na utakuwa hujapima ustawi wa mtu. Achana na mipaka, tumia alama ghafi, na uziripoti kwa vifungu vyake vitano badala ya jumla moja. Kifungu cha hisia, namba 3, 8, 13, 16 na 24, ndicho ningekitazama kwanza. Usisahau ukurasa wa nyuma unaouliza kama matatizo yanamsumbua mtoto na yanaingilia nyumbani, kwa marafiki, darasani na kwenye michezo. Kwa fomu ya mzazi una alama 0 hadi 10, na mara nyingi huwa na maana kuliko jumla ya 40.

Na hata hivyo SDQ inapima matatizo. Mtoto asiyepigana wala kulia, anayekaa kwenye kona kutwa nzima bila mtu kumsemesha, anatoka na alama nzuri. Ustawi unahitaji kipimo chenye upande wa furaha, urafiki na kushiriki. PedsQL, kipimo cha ubora wa maisha ya mtoto, ina vipengele 23, na ukichukua hisia 5, jamii 5 na shule 5 unapata alama ya kisaikolojia na kijamii ya vipengele 15. Kila jibu 0, 1, 2, 3, 4 linageuzwa kuwa 100, 75, 50, 25, 0, kisha unatafuta wastani. Ikiwa zaidi ya nusu ya vipengele havina jibu, usihesabu. Inayo toleo la kusailiwa la miaka 5 hadi 7 lenye ngazi tatu tu, na kwa watoto wako wa daraja A hilo ndilo linalokaribia uwezo wao, japo baadhi ya maneno ni ya kitoto kwa kijana wa miaka 16. Toleo na kibali cha matumizi vinaombwa kwa wenyewe. Anza mapema.

WHO-5, dodoso la ustawi la Shirika la Afya Duniani, ni fupi na nzuri: maswali 5, jumla 0 hadi 25, zidisha kwa 4 upate 100. Lakini ngazi zake ni sita. Kwa anayehangaika na tatu, sita ni kumpotezea muda. Ukizipunguza, umetengeneza kipimo chako, na huwezi kukilinganisha na WHO-5 ya mtu mwingine.

Tatu, ukubwa wa mabadiliko. Tuseme mchepuko sanifu (kiasi alama zinavyotawanyika) wa alama zako za jumla za SDQ ni 6, na uthabiti wa kupima tena baada ya wiki mbili ni 0.75. Kosa la kipimo ni 6 mara kipeuo cha pili cha 0.25 (1 kutoa 0.75), yaani 3. Kosa la tofauti kati ya vipimo viwili ni 3 mara 1.41, yaani 4.2. Zidisha kwa 1.96: kama 8.3. Maana yake mtoto mmoja aliyeshuka kutoka 19 hadi 13 bado yuko ndani ya mtikisiko wa kipimo. Usimpige picha ya mafanikio. Ili uwe na huo uthabiti wako mwenyewe, wapime watoto 15 mara mbili mwezi Juni, wiki mbili kati, kabla ya klabu.

Nne, usianze vitengo vyote vinne pamoja. Viwili Julai, viwili Januari, kwa kura, wote wapimwe Juni na Novemba. Bila hivyo hutajua kama ni klabu au ni msimu.

Alfa ya Cronbach, namba inayoonyesha jinsi vipengele vya kifungu vinavyokwenda pamoja, ukiikuta juu sana kwa fomu za watoto kwenye kifungu chenye maneno ya upande mmoja, usishangilie. Watoto wanaokubali kila kitu huipandisha.

---

Kitengo_Kasulu

Hili la miezi sita sikuliona kabisa. Asanteni sana.

Swali la ziada kwa wanaojua: vijijini Kasulu watoto wanaongea Kiha nyumbani. Wasaili wangu watatu wanajua Kiha. Nilikuwa nawaambia watafsiri papo hapo pale mtoto anapokwama.

---

lugha_ya_mtaa

Wasaili watatu wakitafsiri papo hapo una madodoso matatu, mwalimu. Na huwezi kuyatenganisha tena baadaye.

SDQ haibadilishwi maneno, ndiyo masharti ya wenyewe. Unachoweza ni kuwa na karatasi ya maelezo, moja, iliyokubaliwa na wote. Kaeni siku moja, wasaili wote na wazazi wawili watatu wanaozungumza Kiha cha huko, pitieni kipengele kwa kipengele, andikeni maelezo ya Kiha yatakayosomwa kama yalivyo. Mtu ambaye hajaiona fomu ya Kiswahili ayarudishe kwa Kiswahili. Mkikuta maana imehama, rekebisheni. Uwanjani: soma kipengele kama kilivyo, mtoto akikwama soma maelezo, weka alama M pembeni. Kipengele chenye M kwa zaidi ya theluthi ya watoto, usikitegemee peke yake kutoa hoja. Kama utapima pia watoto wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, karatasi ya Kiha haiwatoshi wenye Kirundi hata kama lugha zinafanana, na Kiswahili cha Wakongomani kina maneno yake.

Sasa Kiswahili chenyewe, ambako watu hudhani hakuna shida.

Kwanza, "Unajisikiaje?" Kwa mtoto hilo ni salamu. Jibu ni "vizuri" kabla hujamaliza kusema, kama vile habari hujibiwa nzuri hata na aliyefiwa. Au anadhani unauliza kama anaumwa. Usianze nalo kamwe.

Pili, swali la kukanusha. "Huna marafiki?" Kwa Kiswahili anayejibu "ndiyo" anakubali kwamba hana. Lakini wapo waliozoea darasani kujibu ndiyo kwa maana ya "ninao". Msaili anaweka tiki anakojua yeye. Maswali yako yote ya ziada yaandikwe bila kukanusha.

Tatu, hu- ya mazoea. Fomu sanifu ikisema "hulia" au "huogopa", watoto wengi wa Kigoma na Tabora hawaisikii kama mazoea. Wengine wanasikia "wewe hu-", yaani kukanusha! Mtaani tunasema unaliaga, unaogopaga, unachezaga na nani. Walimu wa Kiswahili mnisamehe, lakini kwenye karatasi ya maelezo andikeni hiyo -aga. Mtoto anaelewa mara moja kwamba huulizi kuhusu sasa hivi.

Nne, maneno ya hisia. "Una mawazo mengi?" Mkubwa anasikia msongo, mtoto anasikia akili, anajibu ndiyo kwa fahari. "Wasiwasi" kuna wanaouelewa kama kumshuku mtu, au utukutu. "Huzuni" wengi wanaijua kwa msiba tu. Msijaribu kutafuta neno moja lililo sahihi zaidi. Tumieni tendo: kulia, kukosa usingizi, kukataa chakula, kujificha mgeni akija, tumbo kuuma kabla ya kwenda shule.

Tano, "rafiki". Atakutajia mwalimu, wewe msaili, na dereva wa bodaboda anayemsalimia. Uliza: "Jana wakati wa uji ulikaa na nani?" "Mapumziko ulicheza nini, nani alikuwepo?" Kisha tazama kama ni kweli.

Muda nao uwe na vigingi. "Wiki mbili zilizopita" ni hewa. "Tangu gulio la wiki ya juzi" au "tangu Ijumaa mbili" au Jumapili mbili, kulingana na nyumba yake, kunashikika.

Kabla ya kazi kubwa, chukueni watoto 6 hadi 8, soma kipengele, halafu mwambie akueleze kwa maneno yake au akuonyeshe. Nusu siku inatosha. Hakuna kazi nyingine itakayokuokolea fedha kama hiyo.

---

TibaKazi_Magharibi

Nije kwa wale 12, na nipingane kidogo na Mpimaji. Daraja D lake linasomeka kama kapu la waliobaki. Mtu asiyeongea ana ustawi wake, na unaonekana.

Hatua ya kwanza, hakikisha kweli ni D. Mwenye mtindio wa ubongo asiyeongea anaweza kuwa anaelewa kila kitu. Mpe zoezi la chupa kwa kuelekeza macho. Weka chupa mbili mbali, sentimita 50 hivi, subiri hadi sekunde 10 bila kusema neno. Wasaili wengi husubiri mbili, wanarudia swali, mtoto anaanza upya kuchakata, mwisho wanaandika "hajibu". Mkao wake nao: miguu ikanyage kitu, mgongo uwe na egemeo. Anayepambana asianguke kwenye benchi hana nguvu za kufikiri maswali yako.

Ya pili, mkeka. Scotland wana mfumo wa picha unaoitwa Talking Mats. Sisi mkeka tunao tayari. Gawanya pande tatu kwa kamba: napenda, katikati, sitaki. Picha 10 hadi 12, moja moja: uji, mwalimu fulani, kucheza, njia ya kuja shule, kufua, kulala, kaka, kwaya au madrasa. Mtoto anaweka au anaelekeza. Mwisho mpitishie tena, "umesema hiki hukitaki, sawa?", na umruhusu kuhamisha. Piga picha mkeka, si mtoto. Unachotafuta ni nini kimehama upande kati ya Juni na Novemba. Kosa la kawaida: picha za kutolewa mtandaoni. Choo cha kukaa, basi la njano la shule, mtoto hajapata kuviona. Piga picha za shule yake.

Ya tatu, kwa wasiofika hapo. Kuna kipimo cha hali ya moyo na kufurahia mambo, MIPQ, cha Ross na Oliver, kilichotengenezwa kwa watu wenye ulemavu mzito. Toleo fupi lina vipengele 12, kila kimoja 0 hadi 4, jumla 48, na anajibu mtu anayemjua vizuri kwa kutazama wiki mbili zilizopita. Kinauliza vitu vinavyoonekana: kucheka, kutoa sauti za furaha, kuvutiwa na kinachoendelea. Kisha ongeza kutazama mwenyewe: dakika 10, kila sekunde 30 unainua macho na kuandika hali ya sekunde hiyo tu, pointi 20. Safu tatu zinatosha: anashiriki na mtu, anashiriki na kitu, hashiriki. Pembeni alama ya kulia au kujiumiza. Fanya darasani, mapumziko na wakati wa kula, siku tofauti. Watazamaji wawili kwa angalau robo ya vipindi, bila kuchunguliana. Msiridhike na asilimia ya kukubaliana: kama mtoto "hashiriki" mara 17 kati ya 20, hata anayesinzia atakubaliana nawe. Tumieni kapa, kipimo kinachoondoa kukubaliana kwa bahati tu.

Kwa kila mmoja wa hao 12 kaeni na mama au bibi mwandike ishara zake: akiwa na raha hufanya nini, akiwa na maumivu hufanya nini. Kuna anayepiga makofi kwa furaha na anayepiga kwa hofu. Bila ukurasa huo mtazamaji mgeni anaandika anachodhani.

Na hapa niseme kwa ukali. Watoto hawa wakibadilika tabia, watu husema "ndiyo ulemavu wake". Mwaka 1982 Steven Reiss na wenzake walionyesha jinsi ulemavu wa akili unavyowafunika wataalamu macho wasiuone ugonjwa mwingine ulio mbele yao. Kabla ya kuandika kwamba ustawi umeshuka, kagua jino, sikio, choo kigumu, hedhi, kulala. Mwenye Down aliyepoa na kunenepa huenda ana tezi ya thairoidi isiyofanya kazi vya kutosha, na hiyo ni damu kupimwa hospitali. Mwenye kifafa: andika tarehe ya degedege la mwisho na dawa aliyonayo. Fenobabito inaweza kumfanya asinzie, na watoto wengine huwafanya wasitulie na wawe wakali. Dozi ikibadilika Agosti, alama za Novemba zinaweza kuwa za dawa. Siku aliyoanguka usimsaili. Rudi akiwa katika hali yake.

---

Mpimaji_Tbr

Kapu la waliobaki nimelikubali. Basi D aanze na mkeka, asiposhika ndipo kutazamwa.

Naongeza kuhusu wazazi. Andika ni nani hasa alijibu Juni, na Novemba ajibu huyohuyo. Kwetu Urambo na Kaliua, kipindi cha kuvuna na kukausha tumbaku mama yuko shambani, anayemjua mtoto ni bibi au dada yake mkubwa. Kigoma kwa wavuvi wa dagaa, mbalamwezi ndiyo ratiba: mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti samaki, baba yuko nyumbani na hana haraka. Mwezi ukiwa gizani utamkuta kalala mchana na atakujibu ili uondoke. Uliza swali moja la ziada: "Siku ngapi kati ya saba umekula naye?" Anayejibu chini ya tatu si msemaji wa mtoto, awe baba au nani.

Majibu ya mtoto na ya mzazi yaripotiwe safu mbili. Usitafute wastani wake. Mzazi mwenye mzigo mzito mara nyingi huona maisha ya mtoto ni mabaya kuliko mtoto mwenyewe anavyoyaona, na hiyo tofauti ni habari.

Watoto wapimwe asubuhi, baada ya uji. Dakika 20, pumziko, 10 za mwisho. Mwalimu wao asiwe msaili. Atapewa majibu ya mtihani.

---

Ridhaa_Kwanza

Kwa ufupi, maana hapa hapana la kujadili.

Kama mnakusudia kuchapisha au kuita utafiti, kibali cha maadili kupitia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, kinatangulia Juni. Hakiombwi takwimu zikiwa mkononi. Kisha barua za mkoa, halmashauri na shule. Kambini kuna kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani juu ya hivyo. Ikiwa ni ufuatiliaji wa mradi tu, bado idhini ya mzazi na ridhaa ya mtoto vinahitajika. Wote 58 ni watoto kwa Sheria ya Mtoto ya 2009.

Ridhaa ya mtoto haiishi kwa sahihi au dole gumba. Kugeuza uso, kusukuma karatasi, kuomba choo mara tatu ni hapana. Mfundisheni mwanzoni kadi nyekundu ya kuacha, na mjaribu kuitumia kabla ya swali la kwanza ili aone kwamba kweli mnaacha.

SDQ ya karatasi ni bure kwa kazi isiyo ya faida. Kuiweka kwenye simu au Kobo (programu ya kukusanyia takwimu) kunahitaji ruhusa ya wenyewe, na hilo watu wengi wanalivunja bila kujua.

Mtakapouliza kuhusu hofu, kuna atakayesema anapigwa au anaguswa. Usimwahidi siri. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri awe na taarifa ya ratiba yenu kabla, namba 116 ya msaada kwa watoto iwe kwenye fomu ya kila msaili, na mjue Dawati la Jinsia na Watoto la polisi lilipo. Msaili asimhoji zaidi; aandike maneno ya mtoto kama yalivyotoka na apeleke siku hiyohiyo.

Majina yasikae pamoja na majibu. Orodha ya majina na namba kwenye kabati la kufuli, fomu kwingine. Taarifa za afya za mtoto ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na kupiga picha fomu kuituma kwenye kundi la WhatsApp la wasaili ni kuivunja.

---

Kitengo_Kasulu

Nimeandika yote. Basi Juni tunaanza na chupa za maharage kwa wote 58, kisha A na B wapate maswali ya ngazi zao, C na D mkeka, wasioshika mkeka watazamwe na kuulizwa MIPQ. Wazazi SDQ na ule ukurasa wa nyuma. Vitengo viwili Julai, viwili Januari.

Moja limebaki: watoto 15 wa kupimwa mara mbili Juni, shule inafunga mwanzoni mwa mwezi. Wiki mbili kati hazipatikani.

---

Hesabu_za_Reli

Tanguliza zoezi la chupa, kisha sogeza kipimo cha kwanza wiki ya pili ya Mei na cha pili wiki ya nne, wote wakiwa shuleni. Ukipima kimoja shuleni na kingine likizo nyumbani, umepima likizo. Na hao 15 wachukue kwa kura kutoka A na B, usichague wanaojieleza vizuri, la sivyo uthabiti utatoka mkubwa kuliko wa kundi lako.